Historia ya Bi Hilda Garbutt, Aliyekataa Kuizika Plau

Ndugu waombolezaji, mliojaa humu kanisani na mliosimama nje mvua ikiwanyeshea, familia inawasomea maisha ya mpendwa wetu Hilda Mary Garbutt, kwa kifupi, maana mwenyewe hakupenda maneno mengi isipokuwa yake.

Marehemu alizaliwa tarehe 4 Machi 1941 hapa Skelderby, Yorkshire, mtoto wa tatu wa mfuga kondoo Jonas Featherby, akasoma shule ya kijiji hadi mwaka 1956, alipokwenda kuosha glasi katika baa yetu ya Plau, kazi aliyosema ni ya wiki mbili tu, akaifanya miaka sitini na mmoja. Tarehe 15 Juni 1963 alifunga ndoa na Alf Garbutt, nahodha wa timu ya kurusha pete za chuma, ambaye siku hiyohiyo alitoroka karamuni akamalizie mchezo uani kwa Plau, bibi harusi akamfuata na gauni lake jeupe, akarusha pete, akamshinda. Walijaliwa binti mmoja, Maureen, mwaka 1966, na Alf alitutoka mwaka 1998.

Tarehe 30 Septemba 2017 kampuni iliyomiliki Plau iliifunga, baada ya miaka zaidi ya mia mbili, ikitaka kujenga nyumba za wageni wa likizo, nasi, tuseme ukweli, tulikata tamaa upesi mno, kesho yake tukatia kibao cha baa ndani ya jeneza, tukalibeba tukiimba. Hilda akatuzuia njiani, mikono kiunoni.

"Mnamzika nani?"

"Plau, Bi Hilda," alijibu Stan Umpleby, mwashi wetu, akilia. "Imekufa."

"Imekufa wapi? Zilizokufa ni akili zenu! Ijumaa kila mtu alete kiti chake kwangu, na asiyekuja asinisalimie tena!"

Tulikwenda, nani angethubutu kukosa, tukakaa katika banda lake la kondoo kila Ijumaa kwa miaka mitano na ushee, naye kila asubuhi alikwenda uani kwa Plau kumwagia maji ule udongo laini ambamo pete hurushwa zikachomeka, kwani ligi haiitambui timu isiyo na uwanja, na udongo ukipasuka timu imekwisha. Mlinzi wa kampuni alipokuja kumfukuza, alimpa chai, kisha akampa ndoo. Mwaka 2021 halmashauri ilipokuja kuona kama wanakijiji bado wanalitumia eneo hilo, ilikuta udongo umelowa na mechi imepamba moto, ikakataa zile nyumba, na kampuni ikatuuzia Plau.

Novemba 2022 moyo ulianza kumsumbua, akalazwa mara tatu, kila mara akiwauliza wauguzi kama paa jipya la Plau limekwisha, hadi Jumanne tarehe 9 Mei 2023 saa nne asubuhi, alipofariki akiwa na miaka themanini na miwili, siku kumi na moja kabla ya siku ambayo angeufungua tena mlango wa Plau kwa mkono wake, na hilo linatuuma sana. Kamati yetu ya Plau ilitaka kuahirisha ufunguzi, Maureen akakataa katakata, akasema mama yake angewafukuza kwa ufagio.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliompikia, na wachezaji wenzake watakaombeba. Tukitoka makaburini, Plau itafunguliwa, na wateja wake wa kwanza ni ninyi, na nguo zenu nyeusi.

Pumzika sasa, Hilda, kwa amani uliyoitolea jasho. Funguo anazo Maureen.