Masta ya Ushauri na Uji Niliokataa

Hamjambo nyote, mlio hapa mbele na nyinyi mlioketi karibu na mlango ili mtoroke nikizidisha. Naona vikombe vimezunguka na kila mtu ana uji wake. Namshukuru Mungu aliyetufikisha hapa tukiwa na nguvu za kukaa na kusikilizana. Mwenyekiti wa kikundi chetu ameniomba nieleze masomo ya masta ya ushauri nasaha yakoje, maana kuna wawili watatu humu wanataka kujiunga, na wengine wanataka kupeleka binti zao. Nitaeleza. Lakini siwezi kuyaeleza bila kusema nilifikaje huko, na nilifika nikiwa chini kabisa. Majina sitataja. Mkianza kubahatisha, hiyo ni kazi yenu.

Mjue kwanza kwamba mimi ni mtu wa kushuku, hata leo. Mwenyekiti aliponipigia simu, kabla hajamaliza salamu nilikuwa nimeshajiuliza anataka nini kwangu. Sikuzaliwa hivi. Nilizaliwa huko chini, Kiambere, nyumbani kwetu mlango haukufungwa mchana. Nikaolewa huku juu, Runyenjes, kwenye majani chai na kahawa, nikawa mwalimu, nikaishi vizuri na watu wa mume wangu. Walinitania kwamba watu wa kule chini tunajua dawa za ajabu. Nilicheka pamoja nao. Ulikuwa utani tu, au mimi nilidhani ni utani.

Jioni moja mume wangu alikula mukimo wa viazi na mahindi niliouponda mimi. Asubuhi akaamka ameshika tumbo. Tukamkimbiza hospitali, wakampasua, wakakuta utumbo umejisokota. Hakuamka. Daktari alitueleza sote tukiwa tumesimama pale kwenye korido, akachora hata kwenye karatasi. Nyumbani kilichofika ni maneno mawili tu, kwamba alikula kwangu jioni, na asubuhi akaumwa.

Siku za matanga nilienda jikoni kusaidia kina mama. Nikashika mwiko. Mtu mmoja wa familia, simtaji, akautoa mkononi mwangu polepole na kusema, "Wewe pumzika, mama. Tutapika sisi."

Nilimshukuru, ndugu zangu. Nilidhani ananihurumia kwa sababu nimefiwa. Ilinichukua muda kuelewa kwamba hata baada ya mazishi niliendelea kupumzishwa. Kukiwa na sherehe, napumzishwa. Nikipeleka chakula, sufuria inarudi na chakula kimelala vile vile nilivyokipakua. Watoto wa shemeji zangu, ambao zamani walikuwa wananimalizia mkate, wakawa wanasalimia kutoka njiani.

Nyinyi mnajua desturi yetu. Ukimpa mtu uji, wewe unaonja kwanza akiona, ajue ni salama, ndipo unampa. Vijana wa siku hizi wanafikiri ni uroho. Basi mimi nilionja mbele yao, nikanywa hata nusu kikombe, na bado wakasema wameshiba. Hapo ndipo nilipoanguka. Sikuanguka kwa pombe wala kwa kitu mnachoweza kukiona. Niliacha kukaribisha mtu, na mimi nikaacha kula kwa mtu. Shuleni chai ya walimu sikuigusa tena, nilibeba yangu. Harusini nilibeba ndizi kwenye mkoba. Nilijiambia kwamba watu walioweza kunifikiria vile, wao wenyewe wanaweza kufanya nini? Nilianza kuona sumu kila mahali, na nilikuwa naogopa kweli kweli.

Sasa, masomo. Shuleni nilipewa idara ya ushauri kwa sababu mwalimu aliyekuwa nayo alihamishwa. Nikaomba nafasi ya masta huko Meru, masomo ya likizo na wikendi, nikakodi chumba karibu na Kaaga. Kwenye mahojiano wakaniuliza kwa nini nataka kuwa mshauri. Nikasema nawapenda wanafunzi. Sababu yangu haikuwa hiyo. Nilitaka kufundishwa kumtazama mtu usoni nikajua anaficha nini, halafu nirudi Runyenjes nikamjue aliyeanzisha yale maneno. Hilo tu ndilo nililolitaka.

Wewe unayetaka kujiunga, sikiliza vizuri. Hawafundishi hilo. Kuna kusoma vitabu vingi vilivyoandikwa na watu wa mbali ambao hawajawahi kuishi na mama mkwe boma moja. Kuna utafiti, na huo utakutoa jasho. Lakini kuna kitu hawakukiandika kwenye tangazo. Mnakaa watatu watatu, mmoja anakuwa mshauri, mmoja anakuwa mwenye shida, mmoja anaangalia, na ile shida inatakiwa iwe yako mwenyewe. Nikasema moyoni, mtego huo. Darasa lina watu wa Embu, watu wa Chuka, watu wa Meru mjini, niseme yangu leo kesho iwe sokoni Runyenjes?

Nikabuni ng'ombe. Nikasema nina ng'ombe ameacha kutoa maziwa na jambo hilo linanisumbua. Mwenzangu akainamisha kichwa kwa huruma akauliza, "Na maziwa yakikosa, wewe unajisikiaje?" Ng'ombe huyo tulimshughulikia muhula mzima. Watu walikuwa wananisimamisha njiani kuniuliza anaendeleaje.

Kuna lingine. Chuo kinataka wewe mwenyewe uende kwa mshauri, ukae kama mteja. Mimi nilipelekwa kwa mama mmoja makini, asiyeongea sana. Nilikaa kwake, hakuna chai. Hata maji hakunipa. Kwetu mtu akikukaribisha bila chai ujue ana haraka ya kukuondoa, au ana jambo. Nilikuwa na hakika kwamba nikitoka anawapigia walimu wangu. Kwa hiyo na yeye nikampa ng'ombe. Alisikiliza hadi mwisho akasema, "Ng'ombe huyu umemchunga vizuri. Siku ukichoka naye, mimi niko." Nilitoka pale nimekasirika.

Baadaye tukapelekwa vituoni kukaa na watu wenye shida za kweli. Mazungumzo yanarekodiwa, mteja akikubali, ili msimamizi wako asikie unavyofanya kazi. Mimi nilipewa mama mzee, mkulima. Ameniruhusu niseme habari hii ya uji na si zaidi, na kwao ni mbali na huku, kwa hiyo msijisumbue. Siku ya kwanza aliongea kidogo kuhusu mvua. Siku ya pili alikuja na chupa kwenye kikapu na vikombe viwili vimefungwa kwa leso. Ucuru, ule uji uliochacha vizuri. Akasema, "Mwalimu, kwanza tunywe kidogo, maneno yangu ni mazito."

Tulikuwa tumefundishwa mshauri hapokei zawadi ya mteja. Hiyo ndiyo sababu niliyoitoa. Nikasema, "Asante mama, lakini haturuhusiwi." Akamimina kidogo akaonja, akidhani labda nasubiri hilo. Nikasema tena haturuhusiwi. Akafunga chupa, akafunga vikombe, akasema amekumbuka kuna mtu anamngoja. Hakurudi tena.

Msimamizi wangu alikuwa mzee wa Kimeru, mpole, mwenye masikio makali. Tulikuwa wanafunzi wachache ofisini kwake akaweka ile rekodi. Nikasikia sauti yangu, nzuri, ya adabu. Nikasikia yule mama akimeza. Nikasikia mimi nikikataa mara ya pili, halafu kifuniko cha chupa kikizungushwa. Akaizima.

"Hapo umemwambia nini?" akaniuliza.

"Nimemwambia kanuni."

"Na yeye amesikia nini? Huyu mama ameonja mbele yako. Wewe ni mtu wa hapa, sitakufundisha."

Nilijua. Nilijua tangu chumbani na yule mama, nikajificha nyuma ya kanuni. Hata kama kanuni isingekuwepo nisingekunywa, kwa sababu miaka mingi sikuwa nimemeza kitu cha mkono wa mtu mwingine. Yule mama alikuwa ameondoka kwangu vile vile nilivyokuwa naondoka mimi na sufuria yangu kwa shemeji. Nililia pale ofisini mbele ya wale wanafunzi niliokuwa nawashuku wote. Mmoja akasema polepole, "Si ng'ombe, sivyo?" Nikaitikia kwa kichwa. Hakuna aliyecheka.

Wiki hiyo nilirudi kwa mshauri wangu, yule mama asiyetoa chai, nikamwambia yote. Mume, mukimo, mwiko, sufuria. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuyatamka. Nilipomaliza nikamwuliza kile ambacho miaka yote nilitaka kumwuliza mtu. Nikamwambia, "Wewe unaamini sikumuua?"

Akanitazama. Nikasubiri kumwona akificha kitu. Akasema, "Mimi naamini. Lakini naona haijakutosha."

Na kweli haikunitosha, ndugu zangu. Hilo ndilo lilinishtua. Nilikuwa nimengoja sentensi hiyo miaka, nikaipata, na bado nilikuwa na ndizi zangu kwenye mkoba. Tukaanza kazi kutoka hapo, na ilikuwa kazi ndefu, isiyopendeza. Kuna siku nilikuwa nafika mlangoni kwake na kurudi. Kuna siku nilimtukana kimoyomoyo kikao kizima.

Msimamizi alituma ujumbe kwa mteja wangu kupitia kituo, kwamba akipenda nafasi yake ipo, kwangu au kwa mshauri mwingine. Kuhusu uji akaniambia kanuni ni nzuri, mtu asije akakununua, lakini kikombe cha uji anachokunywa na wewe si rushwa, ni mlango. Nikaogopa asirudi. Nikaogopa zaidi akirudi.

Alirudi. Alikaa kwenye ncha ya kiti, mikono mitupu. Nikamwambia, "Mama, siku ile nilikukosea. Sikukataa uji wako kwa sababu ya chuo tu. Mimi naogopa chakula cha watu, na hilo halikukuhusu wewe." Halafu akaongea kuhusu mvua, akaenda.

Kikao kilichofuata alikuwa na kikapu. Akafungua leso, akamimina vikombe viwili. Akainua chake aonje kwanza, kama desturi. Nikanyoosha mkono nikachukua changu kabla chake hakijafika mdomoni, nikanywa.

Nawaambia uji mwingine ulimwagikia sketi. Nilifikiria utumbo wa mume wangu, nilifikiria kila kitu. Nikameza. Ulikuwa mchachu, mzuri, wa unga wa wimbi. Yule mama alinitazama akiwa bado ameshika chake juu, akasema, "Mwalimu, hata hukunisubiri." Akaweka kikombe chini akaanza kuongea, na maneno yake yalikuwa mazito kweli. Hayo siwaambii.

Basi nilimaliza masomo. Utafiti uliandikwa, ukarudishwa, ukaandikwa tena. Nilivaa joho. Aliyeanzisha yale maneno sikumjua hadi leo, na mtu akija kuniambia ni nani nitamwomba aketi kwanza tunywe chai. Sijawa malaika. Bado nanusa maziwa mara mbili. Bado nikiona watu wawili wamenyamaza nilipoingia, nadhani walikuwa wananisema mimi. Lakini chai ya walimu nakunywa, na nalalamika kama wengine kwamba ni maji matupu.

Kwa hiyo wewe unayeniuliza utarajie nini kwenye masta hiyo. Tarajia kusoma sana. Tarajia jirani zako kuanza kukukwepa wakidhani unawasoma mawazo. Tarajia kwamba ile shida uliyoibeba kwenda nayo, ukiificha chini ya ng'ombe au chini ya kanuni, itatoka mahali usipotaka, mbele ya watu usiowachagua. Na ukiwa mtu wa kushuku kama mimi, nenda na shaka zako. Hawakufukuzi nazo.

Namshukuru yule mama asiyetoa chai. Namshukuru msimamizi wangu aliyezima rekodi pale alipoizima. Nawashukuru wanafunzi wenzangu walioweza kumvumilia ng'ombe. Namshukuru yule mama mzee mkulima, mwalimu wangu kuliko wote, popote alipo na kikapu chake.

La mwisho nikae. Uji huu mnaokunywa, mliniona nikiingia na jerikeni yake. Nimeupika mimi jikoni kwangu. Wengine wenu yale maneno ya zamani mliyasikia, sijifanyi sijui. Kabla vikombe havijazunguka, nilikuwa nimepanga kuonja kwanza mbele yenu, nisiwape kazi ya kuniogopa. Nilikuwa nimeshashika kikombe. Lakini kabla sijakifikisha mdomoni, mtu mmoja akasimama mbele yangu na chake kitupu, akanyoosha mkono, na mkono huo naujua, maana ndio ulionipokonya mwiko siku ya matanga. Nikammiminia. Akanywa pale pale akiwa amesimama, akaenda kuketi.

Sitamtaja. Wewe wa huko nyuma, acha kugeuka. Jerikeni bado ina uji, na naona vikombe vingi vimekwisha. Nitazunguka niwaongeze, na nikianza na mtu fulani, msitafute sababu.