Sawa na Jana

Yule ambaye wengi wenu mlimwita Bikari, na sisi nyumbani tukamwita Kaka wa Kati, alizaliwa Jumanne tarehe 9 Machi 1971, katika nyumba namba 14 ya wafanyakazi wa reli. Baba yetu alikuwa akiongoza treni stesheni. Kaka yetu mkubwa alimtangulia, na mimi, kitinda mimba ninayewasomea haya, nikamfuata. Mama yetu alifariki Agosti 1983, mchana kweupe, akianika nguo. Alikuwa na miaka thelathini na minane. Tuliambiwa ni uchovu. Naomba mlishike hilo, nitalirudia.

Alisoma shule ya msingi iliyo nyuma ya stesheni kuanzia 1978 hadi 1984, kisha sekondari ya kutwa. Huko ndiko alikopata jina. Mwalimu wa hesabu alichora duara ubaoni kwa mkono mtupu, akajisifu kwamba hahitaji kifaa. Kaka akainuka, akachukua bikari ya mbao ya darasa, akapima, akasema, "Mwalimu, duara lako limeota kitambi." Alichapwa viboko viwili. Lakini mwalimu alilifuta lile duara akachora jingine, na kaka alisimulia sehemu hiyo ya pili kila alipopata msikilizaji, hata aliyekwisha kuisikia mara kumi. Mwaka 1994 alihitimu stashahada ya ufundi wa vipimo vya hospitali.

Alifanya kazi hospitali ya wilaya kwa miaka kumi. Februari 2004 alihamia kituo cha majaribio ya dawa, na mwaka uliofuata akanivuta na mimi, nesi. Kwa wasioijua kazi ile: dawa mpya kabla ya kufika dukani hupewa kwanza watu wazima wenye afya waliojitolea, na moja ya maswali ni kama inauvuruga umeme unaoufanya moyo upige. Mshiriki hulala, hubandikwa nyaya kifuani, na mashine huchora mistari kwenye karatasi yenye visanduku vidogo. Kaka, kwa bikari yake ya chuma yenye ncha mbili, alipima muda ambao moyo unachukua kupiga na kujiweka tayari kwa pigo lijalo. Visanduku kumi, mambo safi. Vikizidi kumi na kimoja, mtu anaangaliwa kwa karibu. Vikifika kumi na viwili na nusu, dawa inakatwa papo hapo, maana moyo unaochelewa hivyo unaweza kuacha kupiga ukaanza kutetemeka, na mtu akaanguka asiinuke. Hakuambiwa nani kameza dawa na nani kameza kidonge cha unga mtupu. Wala hakutaka kuambiwa.

Mwaka 2013 alipima karatasi ya mshiriki mmoja, dobi, akapata kumi na viwili na nusu. Daktari msimamizi akasema, "Bikari, hicho ni kinusu tu. Kiache, tumebakiza siku mbili tumalize."

"Sikiachi, daktari. Ukitaka, kiache wewe, uandike na jina lako."

Daktari hakuandika. Dobi akatolewa kwenye jaribio, na dawa ile haikuendelea. Dobi huyo yupo hapa, safu ya tatu. Suti aliyovaa marehemu leo kaipiga pasi yeye, na alikataa kulipwa.

Kila asubuhi saa moja na nusu, kabla mshiriki wa kwanza hajaingia, mashine ilipaswa kujaribiwa kwa mtu. Mtu huyo alikuwa kaka. Alivua shati, akalala, akanitania kwamba mikono yangu ni ya barafu, nami nikambandika nyaya. Karatasi ikitoka tuliiweka juu ya ile ya jana yake, tukaziinua zote mbili dirishani, pigo juu ya pigo. Mistari ikilingana, mashine ni nzima. Niliandika "Sawa na jana", nikatia sahihi, nikaiweka kwenye faili lenye jina "Mashine". Mimi na yeye tulifanya hivyo kwa miaka kumi na tisa.

Jumamosi tarehe 12 Desemba 1998 alifunga ndoa na fundi cherehani, wifi yangu huyu mnayemwona, baada ya kwenda kwake mara nne kupunguza suruali ileile. Mara ya nne wifi alimwambia, "Kama unanitaka mimi sema, suruali imeshakuwa kaptula." Walijaliwa watoto wawili, wa kiume mwaka 2001 na wa kike mwaka 2010. Nyumbani kwao walibishana kuhusu vipimo mpaka majirani wakazoea. Wifi anakata kitambaa kwa jicho, na kaka alikuwa akimfuata nyuma na rula. "Wewe pima mioyo," wifi alimwambia, "nguo niachie mwenyewe." Waliishi vizuri. Nasema hivyo kama mtu aliyekula kwao kila Jumapili.

Marehemu hakuwa mgonjwa, au ndivyo tulivyojua. Mara mbili katika maisha yake alizimia, ujanani kwenye mpira na mwaka 2017 kwenye ngazi za kituo, na mara zote mbili akasema ni njaa. Mwanzoni mwa Novemba 2024 alipata kikohozi kizito. Jumatatu tarehe 11 alikwenda zahanati, akapewa vidonge vya kifua. Dawa hiyo ni ya kawaida na imeponya wengi. Sisi kazini tulikuwa tukiwapa washiriki wachache makusudi, kwa sababu inajulikana hurefusha kidogo ule muda wa moyo, robo ya kisanduku, na tukiiona hiyo robo tunajua vipimo vyetu havikosei. Kaka alinionyesha pakiti huku akicheka. "Rafiki yangu huyu hapa. Robo kisanduku. Kwa mtu mwenye afya haina neno." Nami nikacheka.

Alhamisi tarehe 14 Novemba, saa nne asubuhi, alikuwa kwenye karakana ya mkewe, amemshikia ncha ya kitambaa cha pazia akate. Wifi anasema alisikia kitambaa kimelegea, akamgombeza bila kugeuka: "Shika vizuri, baba." Alipogeuka, kaka alikuwa chini. Alifikishwa hospitali ameshakata roho. Alikuwa na miaka hamsini na mitatu.

Ijumaa nilikwenda kazini, nikafungua kabati, nikatoa faili la "Mashine". Nilichukua bikari yake, nikapima karatasi ya siku ya mwisho aliyokuja kazini. Visanduku kumi na viwili na nusu. Nikapima ya mwaka jana. Kumi na viwili na nusu. Nikashuka mpaka ya kwanza kabisa, imeanza kuwa njano, yenye mwandiko wangu wa usichana. Kumi na viwili na nusu. Zipo zaidi ya elfu nne. Tulitazama kama mistari haitetemeki, tukatazama kama leo inafanana na jana, na ilifanana, siku zote ilifanana. Hakuna aliyeweka bikari juu yake, hata mwenye bikari, kwa sababu karatasi ile haikuwa ya mtu, ilikuwa ya mashine. Mshiriki yeyote mwenye karatasi ile tungemrudisha mlangoni. Sahihi zote ni zangu.

Kaka yetu mkubwa hakutaka niyasome haya. Aliniambia juzi, "Mdogo wangu, wasifu si mahali pa kesi. Sema alikuwa mtu mwema, ukae." Namheshimu, na kweli alikuwa mtu mwema. Lakini wifi alisema, "Soma, wifi. Hao waliobaki wana mioyo ya nani?"

Ndiyo maana narudi kwa mama yetu na kamba ya nguo. Tatizo hili hutembea katika damu. Mama hakufa kwa uchovu, siamini tena hivyo. Kwa hiyo Jumatatu nilikwenda na mashine sebuleni kwa marehemu, na orodha ya aliowaacha naisoma pamoja na vipimo vyao, kwani yeye asingekubali niisome vinginevyo.

Ameacha mke, ambaye si wa damu yetu, lakini aliomba apimwe asiwaache watoto peke yao: visanduku kumi. Ameacha mtoto wa kiume, fundi wa majokofu: kumi na robo. Ameacha kaka mkubwa, aliyelala pale akinung'unika mpaka mwisho: kumi na nusu. Ameacha binti wa miaka kumi na minne, mkimbiaji wa shule yake, ambaye mwaka huu ameanguka mara mbili uwanjani, na sote tukamgombeza kwamba hanywi chai asubuhi. Nilimpima mara tatu. Aliniuliza, "Shangazi, mbona unarudia?" Kumi na viwili na nusu. Ameanza dawa Jumanne. Hakimbii tena, na ile orodha ya vidonge asivyopaswa kumeza tumeibandika mlangoni kwao, kwenye begi lake la shule, na kwenye pochi ya kila mmoja wetu.

Na ameacha mdogo wake wa kike, nesi, ambaye bado hajapimwa, kwa kuwa mwenye mkono aliokuwa akiuamini ndiye tunayemzika. Binti wa marehemu ameniomba bikari. Jumatatu ijayo, saa moja na nusu, nitavua, nitalala, na yeye ndiye atakayepima. Nimemwambia aandike namba.

Pumzika kwa amani, kaka yangu. Tumekupima. Tumechelewa, lakini tumekupima.