Mwonjaji Aliyeikataa Sigara ya Mkewe

Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba, Ndugu Leocadio Baró Echemendía anastaafu baada ya kutumikia kiwanda chetu cha sigara za kusokotwa kwa mkono miaka thelathini na minane, na zaidi ya nusu ya miaka hiyo amekalia kiti cha mwonjaji mkuu. Ofisi imeniomba mimi, msomaji wenu wa jukwaani ninayewasomea magazeti mkisokota, niandike maneno machache ya heshima na niyasome mbele yenu kabla keki haijakatwa. Imeniomba pia nisiguse ile habari ya kiti. Kuandika nimekubali. Hilo la pili, jamani, sikulisikia vizuri.

Ndugu Leocadio alitoka San Juan y Martínez, kwenye shamba la tumbaku la baba yake, akaanzia chumba cha kuchambua majani, kisha akahamia kwenye benchi la kusokota. Tuseme ukweli kwa kuwa leo hawezi kutujibu: usokotaji haukuwa wito wake. Sigara zake zilikuwa na kichwa kama goti. Ila pua na ulimi alijaliwa. Siku moja alisimama katikati ya ukumbi akasema kuna jani moja lililolowa mvua, akalitafuta benchi kwa benchi mpaka akalishika. Tangu siku hiyo wakubwa wakamkalisha kwenye meza ya kuonja, na kikombe cha chai isiyo na sukari cha kusafishia mdomo.

Wote mnamjua tabia. Huyu mtu haamini kitu. Ukimwambia asubuhi njema, anachungulia dirishani kwanza. Kwenye dhumna haangalii mbao, anakuangalia wewe machoni. Kahawa ya kantini huinusa kabla ya kunywa, na akishakunywa humuuliza mpishi, "Leo mmeweka nini humu, njegere?" Mpishi hukasirika, lakini mara nyingi huwa ni njegere, zimekaangwa na kusagwa ili kahawa iongezeke.

Sigara nzuri aliipa neno moja tu: "Ipite." Alipoulizwa kwa nini hamsifu mtu, alijibu kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na yeye hapendi maji.

Mwelekeo wa soko aliuona kabla ya ofisi. Enzi hizo mabenchi yalijaa sigara ndefu nyembamba, za mtu aliyeshiba, ameketi kwenye kiti cha bembea na jioni yote ni yake. Leocadio akasema zinakufa. "Wavutaji wamefukuzwa ndani," alisema. "Wanavutia mlangoni, wamesimama, mguu mmoja barabarani. Aliyesimama hana saa mbili. Lakini bado anataka aonekane. Basi atataka fupi, tena nene!" Tulicheka. Sasa angalieni mabenchi yenu, niambieni mara ya mwisho kusokota nyembamba ilikuwa lini.

Akaongeza jambo ambalo hakuna aliyetaka kulisikia. Sigara nene inameza majani mengi ya nguvu, yale ya juu ya mmea, na hayo ndiyo yanayotakiwa kulala muda mrefu kwenye marobota mpaka yakomae. "Jani la nguvu ni kama mjomba wangu Crescencio," alituonya. "Mkimwamsha mapema, mtajuta nyumba nzima."

Kisha kikaja kimbunga kikayalaza mabanda ya kukaushia kule Vuelta Abajo, kwenye mashamba yanayotulisha tumbaku, na juu yake ikaja oda kubwa ya sigara nene kutoka Asia. Jani haba, oda nono. Hapo ndipo sigara zetu zilipoanza kuuma ulimi, na Ndugu Leocadio akaanza kukataa. Akakataa furushi leo, kesho furushi, keshokutwa mawili.

Mnajua utaratibu wetu: sigara iliyokataliwa haivishwi pete ya karatasi yenye jina la kiwanda, tunagawana tukavute nyumbani. Basi minong'ono ikaanza. Kwamba Baró anakataa kwa makusudi ili zibaki nyingi, apate za kuwauzia watalii pale kona. Urbano Piñeiro, mtunza ghala wa wakati ule, aliyasema waziwazi: "Jani langu limelala kuliko mimi mwenyewe. Mchunguzeni mwenye ulimi!" Leocadio naye akawa kila akipita mlango wa ghala ananusa. Urbano akaleta mbwa. Mbwa akafungwa ndani, akapiga chafya kutwa nzima. "Mnaona?" akasema Leocadio. "Hata mbwa kajua jani ni changa."

Hakuna aliyemsikiliza. Kila mtu alimshuku mwenzake, nami niliwashuku wote. Ndipo mkurugenzi wa wakati huo, akishirikiana na Urbano, alipotega mtego ambao ungeweza kuzaliwa kiwandani kwetu tu.

Zoraida Quiala, mke wa Leocadio, alikuwa msokotaji bora wa sigara nene. Mwezi ule alikuwa akisubiri kupandishwa daraja la juu kabisa, na furushi lake moja tu likikataliwa, angerudishwa chini kwenye benchi la wanaoanza. Kila mtu alilijua hilo. Asubuhi moja furushi lake likawekwa kwenye meza ya kuonja, bila pete, bila jina. Hesabu yao ilikuwa rahisi: mume atautambua mkono wa mkewe, atalipitisha, na hapo itadhihirika kwamba anakataa kwa kuangalia sura. Kiti kitamtoka. Kwamba angeweza kulikataa, halikumjia mtu akilini.

Mimi nilikuwepo, nilikuwa nimepeleka magazeti. Zoraida ni wa mkono wa kushoto, na kichwa cha sigara yake hufungwa kuelekea upande ambao hakuna mwingine anayeufunga. Leocadio akashika sigara moja, akatazama kichwa, nikaona amejua. Akainusa. Akaiwasha. Akavuta, akanywa chai, akavuta tena. Moyo wangu ulikuwa unanidunda kama vile aliyeoa ni mimi.

"Mkono huu naujua," akasema hatimaye. "Hakuna bora kuliko huu humu ndani. Nakula chakula chake kila siku. Lakini jani ni changa. Isipite."

Habari ilifika ukumbini kabla yake. Mkipendezwa, ndugu zangu, mnagonga visu kwenye mbao zenu. Mkichukizwa, mnaviachia vianguke. Siku ile Leocadio alipotokea mlangoni visu vyote vilianguka sakafuni kwa pamoja, na sijawahi kusikia sauti mbaya kama ile. Cha Zoraida peke yake hakikuanguka. Aliendelea kukata jani lake, hakuinua hata uso. Saa ya kutoka alimwambia maneno machache tu.

"Leocadio, leo utapika."

"Mama, si wewe, ni jani."

"Basi kalale na jani."

Lakini mtego ulikuwa umemnasa aliyeutega. Mwizi gani anamshusha mkewe benchi ili apate sigara za kuuza kona? Watu wakaanza kuulizana, na chama cha wafanyakazi kikadai ghala lifunguliwe. Marobota ya mbele yalikuwa meusi, yamekomaa, yanapendeza. Nyuma yake, mpaka ukutani, lilijaa jani la baada ya kimbunga, harufu yake ikikutoa machozi. Urbano alisema aliharakishwa na walio juu. Walio juu walisema walieleweka vibaya. Mpaka leo sijui nani alimharakisha nani, na mashaka yangu ninayo. Shehena ilizuiwa, jani likarudishwa kulala, na Zoraida akapewa daraja lake msimu uliofuata. Wapo wanaosema hakumsemesha mumewe vizuri mpaka lile jani lilipokomaa. Mimi sikuthubutu kuuliza.

Sasa tuje kwenye kiti. Leocadio alipotangaza kustaafu, ofisi ilisema kitajazwa wakati ukifika. Wakati huo naufahamu. Ndio huohuo utakaoniletea feni mpya hapa jukwaani. Mwaka huu jani ni haba tena, na oda nyingine ya sigara nene iko njiani. Simtuhumu mtu. Nasema tu, kiti cha kukatalia kibaki kitupu msimu huohuo? Makubwa!

Leocadio alipoulizwa anataka zawadi gani, alijibu, "Zawadi sitaki. Kiti kisikae kitupu hata asubuhi moja." Chama kikashikilia hapo hapo, na wiki iliyopita yakafanyika majaribio mbele ya jopo. Waombaji walikuwa wanne, na mmoja wao ni Zoraida, ambaye vidole vyake vimevimba viungo na haviwezi tena sigara nene kutwa nzima.

Katikati ya sigara za majaribio kulikuwa na moja ambayo hakuna aliyejua imetoka wapi. Waombaji watatu wakaivuta, wakatazamana, wakasema inaweza kupita. Huenda walidhani ni ya mkubwa fulani. Zoraida akaishika, akatazama kichwa.

"Goti hili ni la mume wangu," akasema. Akaiwasha, akavuta mara mbili, akaizima. "Na jani ni la shamba la kaka yake, halijalala hata kidogo. Ametafuta changa makusudi anijaribu. Isipite. Na yeye mwenyewe asipite mlango wangu leo."

Leocadio, pale kwenye kona, alikuwa analia na kucheka kwa pamoja. Ni kweli, ilikuwa yake, aliisokota nyumbani kwa siri.

Mimi nilishuku walipanga. Mume na mke, nyumba moja, meza moja ya chakula, mtaniambia nini? Kwa hiyo saa ya kutoka niliwafuata mpaka kona. Zoraida alikuwa mbele, Leocadio nyuma na mkoba, anaeleza kwa mikono yote miwili, na mama hageuki. Nikarudi nimeridhika.

Jumatatu asubuhi Zoraida Quiala anakikalia kiti. Mnaweza kugonga visu sasa, na mgonge kwa nguvu wasikie ofisini.

Ndugu Leocadio, asante kwa kila "isipite" uliyotupa tukanuna. Bila hizo tusingekuwa na jina la kulinda. Tunakuombea afya, usingizi mrefu kama wa jani la nguvu, na kahawa isiyo na njegere. Sigara hutakosa, mkeo atakuletea kila jioni. Ila ujue mapema, mzee wetu: kuanzia Jumatatu, zitakazofika nyumbani kwako ni zile alizozikataa yeye.