Mlango Nimefunga, Laleni

Ndugu waombolezaji, kabla wasifu huu haujasomwa, familia inawaomba jambo moja. Ibada ikiendelea, huenda mtaisikia sauti ya marehemu. Itatoka kwenye safu ya mbele, nayo itakuwa sauti yake hasa, pamoja na kile kikohozi chake kidogo cha kuanzia maneno. Msikimbie, wala asitokee mtu wa kukemea pepo. Ni mwanawe wa kwanza, tunayemwita Redio, ambaye husema mambo kama alivyoyasikia, na kwa sauti ya yule aliyeyasema. Marehemu mwenyewe amekwisha nyamaza.

Marehemu alizaliwa alfajiri ya tarehe 14 Machi 1964, mtoto wa nne wa baba dobi na mama muuza mboga, katika nyumba ya vyumba viwili iliyokuwa nyuma ya ghala la reli. Mvua ilikuwa ikipiga bati. Mkunga aliyempokea alisimulia hadi uzeeni kwake kwamba kichanga kile kililia mara moja tu, kikapiga mwayo, kikalala. Ikabidi kipigwe kofi la pili ili ijulikane kama ki hai. Baba alicheka akasema, “Huyu ametoka safari ya mbali, mwacheni apumzike.”

Alianza masomo mwaka 1971 katika shule ya msingi ya misheni, kisha akajiunga na shule ya bweni ya masista kuanzia 1978 hadi 1981. Waliosoma naye, na wachache wako hapa na mikongojo yao, wanamkumbuka kwa jina la Usingizi. Alilala darasani, alilala akimenya viazi, na Jumapili moja alilala amesimama katika safu ya kwaya, kitabu cha nyimbo kimefunguka mikononi, midomo ikifuatisha wimbo bila kutoa sauti. Sista mkuu alimwita baada ya ibada.

“Wewe binti, hata siku ya kiyama utakutwa umelala.”

“Sista, siku hiyo mtaniamsha wakifikia jina langu.”

Sista alitaka kukasirika, akashindwa. Alimpa adhabu ya kufua vitambaa vya altare kwa muhula mzima, na hapo ndipo mikono yake ilipoijua kazi iliyokuja kumlisha. Alifua vizuri mno, kama baba yake. Muhula ulipokwisha sista aliongeza mwingine, na safari hii haikuwa adhabu.

Mwaka 1985 aliajiriwa katika chumba cha kufulia cha hospitali kubwa, akadumu humo hadi alipostaafu mwaka 2019. Wengi mmelazwa juu ya mashuka yaliyopita mikononi mwake. Chumba kile kina joto la tanuri. Mvuke hupanda hadi dari ukashuka tena kama matone, na mashine huguruma hata watu huongea kwa ishara. Yeye ndiye aliyewafundisha wageni wa kazi kwamba damu huanza na maji baridi, kwani ya moto huifunga ndani ya uzi isitoke tena. Wenzake wanasema alikuwa mcheshi na hakuwahi kumsengenya mtu. Wanasema pia kwamba katika miaka ya mwisho alikuwa akisinzia amesimama mbele ya mashine, kama zamani kwenye kwaya. Safari hii hakuna aliyecheka, kwa sababu mara mbili aliungua mkono kwenye pasi kubwa, na mara ya pili hakushtuka mpaka alipoambiwa.

Alifunga ndoa tarehe 6 Agosti 1988 na dereva wa malori, mtu wa maneno matamu na shati lililonyooshwa. Mungu aliwajalia watoto watatu: mvulana mwaka 1990, binti mwaka 1994, na mvulana mwingine mwaka 1996. Wa kwanza alichelewa kusema. Alipofikisha miaka minne alifungua kinywa, ikatoka taarifa ya habari nzima, kwa sauti nene ya mtangazaji, hadi hali ya hewa. Ndiyo asili ya jina la Redio. Binti hakusema kabisa, naye akaitwa Kimya. Alipenda maji, na mlango ukiachwa wazi kidogo tu alitoka akayafuata yalipo, iwe mfereji, iwe mto. Wa tatu aliitwa Mhandisi. Hakuna kitasa ambacho hakukifungua kwa kijiko, wala saa aliyoiacha na vyuma vyake ndani.

Majirani walisema mengi. Wapo waliosema ni laana ya ukoo, wapo waliomletea dawa za kuogea. Mwaka 1999 alimfunga mdogo mgongoni kwa khanga, akawashika wakubwa mikono, akawapeleka wote kwa daktari wa watoto aliyemjua kwa kumfulia makoti. Daktari aliwatazama kwa muda mrefu, siku kadhaa, kisha akamweleza kwamba watoto wana usonji: bongo zao zimeumbwa kuupokea ulimwengu kwa namna nyingine, wala si ugonjwa wa kuambukiza, wala si kosa la mama.

“Una hakika, daktari? Wote watatu?”

“Wote watatu, mama.”

“Basi vizuri. Hakuna atakayesema nimempendelea mwenzake.”

Daktari alisimulia mzaha huo kwa miaka mingi. Hakusimulia, kwa kuwa hakuona, jinsi marehemu alivyokaa nje kwenye benchi baada ya hapo, akiwa ameshikilia mikono mitatu kwa mikono yake miwili, asijue ainuke vipi.

Baada ya hapo safari za mume zikawa ndefu. Kisha moja ikakosa mwisho. Alipelekewa taarifa za msiba huu. Familia haina la kuongeza.

Hivyo marehemu alibaki peke yake na wanawe. Asubuhi alilipa mwanamke jirani awaangalie. Jioni alirudi mwenyewe. Kwa kuwa Kimya alitoka na Mhandisi alifungua kila komeo, hakukuwa na kufuli la kuaminika. Marehemu alibuni lake. Kila ilipofika saa ya kulala aliweka kigoda mlangoni, akaketi, akaegemeza mgongo wake kwenye mbao, akakohoa kidogo na kusema, “Mlango nimefunga, laleni.” Redio aliyarudia maneno hayo kwa sauti ya mama, na hapo watatu walilala. Yeye alilala hapo hapo, ameketi. Ukimwondoa pale, hakuna aliyefumba jicho. Binti aliyeitwa Usingizi alilala hivyo kwa zaidi ya miaka ishirini.

Ukoo ulimsifu. Ulimpa jina jipya, Chuma, na jina hilo likawa raha kwa kila mtu isipokuwa mwenyewe, kwa maana chuma hakiulizwi hali. Ndugu walipokuja walikuta sakafu imesuguliwa, watoto wameoga, naye anatabasamu. “Chuma hujambo?” “Sijambo, karibuni.” Wakanywa chai wakaenda zao.

Yapo aliyokuwa akiyasema penye beseni la kufulia, akidhani anaongea na maji. Redio alikuwa karibu. Desemba 2011, katika harusi ya mpwa wake, muziki ulipozimwa ili mshenga aseme, sauti ya marehemu ilisikika ukumbi mzima, ingawa yeye mwenyewe alikuwa amejaza tonge mdomoni:

“Nimechoka. Ee Mungu, nimechoka mpaka kwenye mifupa. Nikifa hawa nani atawafungia mlango?”

Kisha mjomba mmoja akapaza sauti, “Jamani, Redio leo imeshika kituo cha msibani! Mbadilishieni mawimbi!” Ukumbi ukaangua kicheko. Marehemu naye alicheka, akampa mwanawe kipande cha keki ili kinywa kipate shughuli. Shangazi aliyeketi karibu naye akamgonga begani: “Mtoto ana vituko huyu! Wewe na kuchoka wapi na wapi, Chuma?”

“Wapi na wapi, shangazi,” akajibu, akaendelea kula.

Maradhi yalianza kwa miguu kuvimba. Mwaka 2022 ilibainika ana shinikizo la damu na moyo uliopanuka. Muuguzi alimtaka alazwe mara moja. Alijibu, “Dada yangu, kulala ndiyo hamu yangu tangu utoto. Ila kitanda chenu kinatosha wanne?” Mdogo wake, fundi cherehani, ambaye watoto humwita Mama Mdogo, alijitolea kukaa nyumbani ili yeye atibiwe. Jioni ya kwanza alifunga mlango kwa ufunguo, akasimama katikati ya chumba, akayasema maneno yale yale, “Mlango nimefunga, laleni.” Redio hakuyarudia. Alimtazama, akasema kwa sauti ya marehemu, “Nani amefunga?” Akauliza tena, na tena. Kimya akaanza kujipiga kichwa ukutani. Mhandisi alikuwa amekwisha uondoa ufunguo. Kesho yake marehemu alijitoa hospitali, akarudi ameshika ukuta.

“Umewaambia nini?” akamuuliza mdogo wake.

“Maneno yako, dada, neno kwa neno.”

“Umeyasema umesimama?”

“Nimesimama, ndiyo.”

“Sasa mtu aliyesimama si anaondoka? Hawa wanaangalia mgongo, mdogo wangu. Maneno hata kasuku anayo.”

Hakukubali kulazwa tena. Alikunywa vidonge alipokumbuka.

Jumapili ya tarehe 9 Juni 2024, kwa maelezo ya daktari, moyo wake ulisimama kabla ya mapambazuko. Hakuna aliyejua. Yule jirani aliyewalea watoto alikuwa uani tangu asubuhi akianika nguo, na akasema baadaye, akilia, kwamba alimsikia marehemu akiongea muda wote. Alisikia, “Mhandisi, rudisha kijiko.” Alisikia, “Kimya, mama yuko hapa.” Hata alimpa salamu kupitia ukutani, akajibiwa. Muuza maziwa alipobisha aliambiwa, “Niwekee hapo hapo, baba, nitakulipa kesho,” naye akaweka.

Mchana Mama Mdogo alifika kutoka kanisani, akabisha.

“Nakuja, nakuja, mikono ina sabuni.”

“Sabuni gani Jumapili, dada? Fungua bwana, jua linaniua.”

“Nakuja, nakuja, mikono ina sabuni.”

Alicheka. Akabisha mara ya tatu, akasikia yale yale, kwa kasi ile ile, na kikohozi kile kile mwanzoni. Wanasema alirudi nyuma hatua moja, akaweka mkoba wake chini polepole, akamwita seremala wa jirani.

Mlango haukuwa na kitasa tena. Mhandisi alikuwa amefungua skrubu zote na kuzipanga sakafuni kuanzia ndogo hadi kubwa. Ungeweza kusukumwa kwa kidole, kama si uzito wa aliyeuegemea. Seremala aliingilia dirishani. Marehemu alikuwa ameketi kwenye kigoda, mgongo umenyooka juu ya mbao, mikono mapajani. Kimya alikuwa miguuni pake na beseni la maji, akimwosha nyayo zilizovimba, taratibu, kama anavyooshwa mtoto mchanga. Katika maisha yake yote ndiyo siku pekee ambayo mlango ulikuwa hauna kitasa na Kimya hakujaribu kutoka kuyafuata maji.

Tangu siku hiyo Redio huuliza kila jioni, kwa sauti ile, “Nani amefunga?” Waombolezaji waliolala msibani wameisikia. Wengi wamemjibu kwa upendo, wengine kwa machozi: mimi, mwanangu, sisi sote, mwanangu. Hakuwakubali. Kikao cha ukoo kilipendekeza watoto wagawanywe nyumba tatu ili mzigo uwe mwepesi. Mama Mdogo alikwenda kukichukua kigoda, akakiweka mlangoni, akaketi, akaegemea, akasema yaliyopaswa kusemwa. Redio alimtazama kwa muda mrefu. Kisha akayarudia, na mara ya kwanza tangu msiba sauti iliyotoka ilikuwa ya Mama Mdogo.

Watatu walilala. Kikao kikafungwa kwa makofi, na watu wakaenda kupakua chakula.

Mama Mdogo ana umri wa miaka hamsini na minane. Anakaa pale mpaka leo, na asubuhi hii, alipoinuka ili avae viatu vya kuja hapa, vilikataa kuingia. Miguu imevimba. Na hapo uani, mbele ya jeneza, amesikika mzee mmoja akimpongeza: “Hongera sana, mama. Kumbe Chuma alikuwa na mwenzake.”

Familia inaomba jina hilo lizikwe leo pamoja na mwenyewe. Asipewe mtu mwingine. Mwenye nguvu za kupiga makofi, aje na mgongo wake, zamu moja kwa juma, aketi. Atakayekuja ajue kwamba itachukua jioni nyingi kabla Redio hajamkubali, na kwamba hakuna njia fupi. Kigoda kitakuwa kwenye kibaraza tukirudi kutoka makaburini. Jioni ya leo ndiyo ya kwanza.

Marehemu ameacha watoto watatu, Redio, Kimya na Mhandisi, mdogo wake, Mama Mdogo, kaka wawili, wapwa kumi na mmoja, na wafuaji wenzake, ambao wameifua sanda yake kwa mikono, kwa maji baridi, bila mashine.

Ee Bwana, mpokee Usingizi, uliyemwumba akipiga mwayo. Alale sasa, alale chali, alale asiitwe na mtu. Amani iwe juu ya mgongo wake.