Maradhi ya Jamaa Mmoja

Benchi lililoegemea kibanda cha Gundi, fundi viatu, lilikuwa na sheria moja: ukiwa na ugonjwa wa aibu, unauleta kama wa jamaa mmoja, na hakuna wa kukuuliza jamaa gani. Waziri, tarishi mstaafu anayesema kana kwamba ofisi ilikuwa yake, alileta hapo bawasiri ya jamaa yake miaka miwili mizima. Pasi, yule dobi, alileta jamaa asiyepata usingizi. Asubuhi hiyo zamu ilikuwa ya Gundi mwenyewe, na maskini, kahawa yake ilipoa bila kuguswa.

— Kuna jamaa mmoja, alisema bila kuinua macho, kule chini kwake kumepinda. Zamani palikuwa sawasawa. Sasa kuna kitu kigumu ndani, na akiwa na mkewe panauma.

— Pole yake, alisema Pasi, na aliisema kwa moyo. Hospitali kaenda?

— Kaenda. Si saratani, wala haiambukizi. Nyama ya ndani imefanya kovu. Daktari kamtoa damu aangalie protini zake. Tena kamuuliza kama kwao kuna mwenye vidole vilivyojikunja, maana huenda ni kitu cha ukoo.

Waziri akaweka kikombe chini.

— Protini? Basi kesi imekwisha. Ni maharage.

— Daktari hakutaja maharage. Kasema hizo ni za mwilini, na wataalamu wenyewe bado wanachunguza.

— Anaficha huyo. Wahenga walisema damu nzito kuliko maji. Uzito umetoka wapi kama si kwenye maharage?

— Mimi naona ni maji ya moto, alisema Pasi. Shati la pamba ukilichemsha linavutika upande mmoja. Huyo jamaa aoge ya baridi.

— Na ukoo je? aliuliza Gundi.

— Hapo ndipo penyewe, alisema Waziri. Babu yake atakuwa alitoa ushahidi wa uongo. Kapinda maneno barazani, mjukuu kalipa. Ndiyo maana wakasema samaki mkunje angali mbichi.

— Hiyo ni ya kulea watoto, Waziri.

— Na huyo jamaa hakuwa mtoto?

Gundi hakucheka. Alikuwa anamkumbuka marehemu baba yake, fundi viatu kama yeye, ambaye vidole viwili vya mwisho vilimkunjika kiganjani mpaka akashindwa kushika mkono wa mtu vizuri. Nyumbani wote walisema ni kazi ya sindano.

Mwanamke mmoja akatokea, kiatu mkononi, kisigino kimeng'oka. Hawakumjua. Waziri akageuza mazungumzo kuwa ya mvua.

— Endeleeni, baba zangu, alisema akikaa. Nimewasikia tangu pale kona, na mimi nimezaa wanne. Mkewe anasemaje?

Waziri alimtazama Pasi. Pasi alitazama kahawa yake. Miaka yote ya benchi lile, hakuna jamaa aliyewahi kuulizwa habari za mkewe.

— Hajaambiwa, alisema Gundi mwishowe.

— Basi anajua nini?

Gundi alichukua kiatu, akapigilia kisigino misumari mitatu. Miezi minne amekuwa akimkwepa mkewe usiku, akisema ni mgongo. Juzi alimkuta mbele ya kioo, kavaa gauni la zamani, akamuuliza, "Baba watoto, nimezeeka sana?" Naye, mwanaume mzima, akajibu mgongo unauma.

Alimkabidhi mwanamke kiatu chake, akavua aproni.

— Pasi, niangalizie kibanda.

— Nenda, alisema Pasi. Nenda, ndugu yangu.



Mkewe alikuwa uani anaanua nguo. Gundi alimpokea beseni, akalitua, akamwambia yote palepale, kwa maneno ya daktari na kwa yake mwenyewe. Akamwambia hana kosa, na gauni lile lilimpendeza.

Mama watoto alikaa kwenye ngazi akalia. Alipomaliza, alijifuta uso kwa shati la mumewe lililokuwa mapajani, kisha akauliza:

— Na sasa hivi panauma?

— Kidogo.

— Njoo ukae, alisema, akamsogezea nafasi.