Hulda Mtewele na Moto wa Mbegu

Hulda Mtewele alizaliwa tarehe 9 Machi 1957 kijijini Matembwe, mtoto wa tatu wa Mzee Lenard na Mama Idda. Alimaliza darasa la saba mwaka 1972. Mwenyewe alikuwa akisema hesabu zilimpiga chenga, lakini kwa kuimba hakumwogopa mtu.

Tarehe 21 Oktoba 1978 alifunga ndoa na Aron Ngole, akahamia hapa Kichiwa. Mungu akawajalia Ebeneza na Erica.

Kazi yake ilikuwa kilimo, na sifa yake mbegu. Mahindi bora aliyaning'iniza juu ya mafiga, moshi uyakaushe, wadudu wasiyaguse. Nyumba nyingi kijijini zilipanda mbegu za jikoni kwake. Ebeneza alipomletea jiko la gesi kutoka Makambako, alilifunika kitambaa cha kufuma, akaliweka sebuleni pembeni ya picha ya harusi. "Kamwene, karibuni motoni," aliwasalimu wageni kwa lugha ya kwetu, machozi ya moshi yakimtiririka, naye akicheka.

Kikohozi kilianza mwaka 2019. Mwaka 2023, hospitalini Makambako, Daktari Safina alimweka chini Mzee Aron.

"Baba, moshi unazaa chembe kali zinazochoma mapafu. Kinga ya mwili inakuja kupigana, mapafu yanavimba. Sasa kinga hiyo nayo silaha yake ni chembe kali zile zile, inazitengeneza yenyewe. Uharibifu unaleta uvimbe, uvimbe unaleta uharibifu."

"Na moshi nikiuondoa?"

"Uondoe, utamsaidia. Ila huko ndani kunajichochea kwenyewe."

Mzee Aron alirudi akayabomoa mafiga kwa mikono yake, akampeleka mkewe kwa Ebeneza. Kule alipikiwa kwa gesi, akapewa dawa, akaombewa. Kikohozi hakikusikia. "Moto nimeuzima, mbona bado anaungua?" Mzee alimuuliza kila aliyekuja kumjulia hali mgonjwa.

Mei mwaka huu wa 2025 Hulda aliomba arudishwe nyumbani. Baridi ilikuwa imeanza kuuma.

"Baba Ebeneza, niwashie moto hata kidogo. Nasikia baridi."

"Mama Ebeneza, chochote kingine. Hicho usiniombe."

Alimvisha kofia yake ya sufu, akakaa miguuni pake, akaikumbatia miguu ya mkewe kifuani ndani ya koti lake. Hakuwa na kingine cha kufanya, na hilo lilimuuma. Ndivyo walivyokuwa asubuhi ya Jumanne, tarehe 10 Juni, Hulda alipoaga dunia. Mzee aliendelea kuishika miguu ile mpaka Erica alipomwinua.

Ameacha mume, watoto wawili na wajukuu watano. Mahindi yake ya mwisho bado yananing'inia jikoni. Mzee Aron anaomba kila nyumba ichukue ya kupanda.

Hulda, upumzike kwa amani, mahali pasipo moshi. Na baridi isikufuate huko.