Wasifu wa Mama Yetu, Fundi Pindo, Aliyeondoka Akiona

Mama yetu tunayemsindikiza leo alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa tatu wa fundi viatu na mkunga. Alisoma hadi darasa la saba, akamaliza mwaka 1965. Baba yake alitaka awe karani. Yeye akajipeleka kwa fundi cherehani wa jirani. Jina la Fundi Pindo lilimganda kwa sababu pindo likipinda hata kidogo alilifumua, mwenye nguo apende asipende.

Mwaka 1972 alifungua chumba chake cha kazi: meza moja, cherehani ya kukanyaga na mrundo wa oda. Oda mpya aliiweka chini kabisa, ili aliyetangulia abaki juu. Ujuane naye usijuane naye, hakuna aliyeruka foleni.

Aliolewa tarehe 8 Septemba 1973 na fundi bomba aliyeleta suruali moja kupunguzwa mara nne. Wakajaliwa watoto watatu. Baba alitutoka mwaka 2011.

Kisukari kiligundulika mwaka 2006. Mwaka 2021 macho yakaingia ukungu, akashindwa kutunga uzi kwenye sindano, na hilo lilimuuma kuliko ugonjwa wenyewe.

"Nife naona, daktari," alisema. "Mengine sikusumbui."

Picha za nyuma ya jicho zilionyesha maji yamejaa katikati, yametuna kama kilima. Akaanza kuchomwa sindano za jicho kila mwezi. Kila safari alipigwa picha nyingine, naye hakuondoka bila nakala yake.

Baada ya sindano ya tano, mtoto wake wa kwanza, ambaye ndiye anayewasomea hapa, alizikuta picha mezani. Ya juu ilikuwa na kilima kilekile. Tarehe ziliandikwa pembeni, lakini kwa haraka zake hakuziangalia. Akaita wadogo zake, wakalia, wakafika hadi kujadili nani atachukua cherehani. Mama akaingia.

"Kumbe mmeshanirithi, na mimi bado nakanyaga?" akauliza. "Nani kawaambia ya juu ndiyo mpya? Miaka yote hii mmekulia humu ndani!"

Akachomoa ya chini kabisa. Kilima kilikuwa kimekwisha, maji yamekauka. Msomaji wenu alicheka huku machozi yakimtoka, na mpaka leo wadogo zake hawajamsamehe.

Moyo ndio uliomchukua, Jumanne tarehe 11 Juni 2024, saa nne asubuhi, akiwa kitini pake. Tumelia sana, lakini hatufichi kwamba tumepata faraja kubwa. Kwenye cherehani tulikuta sindano imetungwa uzi mweusi. Aliutunga mwenyewe asubuhi ile, bila kuazima macho ya mtu.

Ameacha dada mmoja, watoto watatu, wajukuu saba, kitukuu mmoja, na oda sita ambazo binti yake mdogo atazishona kuanzia ya juu. Wenye nguo msiwe na wasiwasi, hakuna atakayerukwa. Na yeye zamu yake imefika. Apumzike kwa amani, mama yetu.